Kerneli Mpya, Umeme wa Gridi: Nani Achague Saa ya Kuwasha Upya Serva za Tanga?

Mafundi wa TEHAMA wana mashauri mawili kuhusu serva zinazobeba mashine pepe, na kila moja hutolewa kwa kujiamini kulekule. La kwanza linasema: maadamu inafanya kazi, usiiguse. La pili linasema: kiraka cha kerneli kikitoka leo, kiwekwe leo, kwa sababu wadukuzi hawana siku ya mapumziko. Mkuu wa ofisi mjini Tanga anaweza kuyasikia yote mawili ndani ya wiki moja, la kwanza kwa fundi wake na la pili kwa mkaguzi wa mifumo, kisha akatakiwa atie saini.

Ugumu ni kwamba kila upande una ushahidi. Yapo masasisho rasmi yaliyoangusha serva zilizokuwa nzima, na zipo serva zilizotekwa kwa sababu kiraka cha miaka miwili nyuma hakikuwekwa. Makala hii inapima misimamo minne inayoshindana, kisha inaingia ndani kidogo kuangalia serva hukwama wapi hasa baada ya kerneli kubadilishwa. Msimamo wa mwandishi usifichwe: katika pwani ya kaskazini, tangu Pangani hadi Horohoro, mjadala wa mara ngapi kusasisha umefunika swali lenye uzito zaidi, nalo ni nani anayechagua saa ya kuwasha upya.

Kerneli ya serva mama

Kerneli ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia kichakato, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao. Kwenye kompyuta ya mezani, kerneli mbovu huharibu siku ya mtu mmoja. Kwenye serva mama, yaani ile iliyobeba mashine pepe ndani yake, kerneli moja inashikilia mfumo wa malipo, faili za idara, kamera za ulinzi na hifadhidata ya wateja kwa wakati mmoja. Ikikwama, vyote vinalala.

Tangu Februari 2007, toleo la 2.6.20 la Linux lilipokuja na KVM ndani yake, kerneli yenyewe ndiyo inayogawa kichakato kwa mashine pepe. Proxmox, inayotolewa na kampuni ya Vienna tangu mwaka 2008, imejengwa juu ya KVM na Debian. ESXi ya VMware imekwenda njia nyingine: ina kerneli yake isiyo Linux, na mtengenezaji mmoja hutoa kila kitu kwa pamoja, pamoja na orodha ya vifaa anavyovikubali. Aliyezoea ESXi alizoea masasisho machache. Anayehamia Proxmox hupata kerneli mpya kila baada ya muda mfupi, na mara kwa mara mfululizo mzima hubadilika: toleo la 8.0 la Juni 2023 lilikuja na kerneli 6.2, la 8.1 la Novemba mwaka huohuo likaja na 6.5, na la 8.2 la Aprili 2024 likaja na 6.8. Mifululizo mitatu ndani ya miezi kumi. Kila mfululizo una viendeshi vipya, na kiendeshi kipya ndicho chanzo cha nusu ya furaha na nusu ya kilio.

Kwa nini mjadala umepamba moto

Mambo kadhaa yamekutana ndani ya miaka michache. CentOS 8, mfumo endeshi wa familia ya Linux uliokuwa umeahidiwa kuhudumiwa hadi 2029, ulikatishwa tarehe 31 Desemba 2021. CentOS 7 nayo ikafika mwisho tarehe 30 Juni 2024. Serva nyingi zilikuwa zimesimama juu ya hizo mbili. Katikati ya hapo, Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware tarehe 22 Novemba 2023, mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu, na Februari 2024 ikaondoa ESXi ya bure. Ile ya bure ilirudi Aprili 2025, lakini wengi walikuwa wameshafungasha.

Kuna pia jambo lisilosemwa sana. Februari 2024 wasimamizi wa kerneli ya Linux walipata mamlaka ya kutoa wenyewe namba za CVE, zile namba za udhaifu wa kiusalama, na wakaanza kuzitoa kwa karibu kila rekebisho linaloweza kugusa usalama. Orodha ikavimba hadi maelfu kwa mwaka. Programu ya ukaguzi inayosoma orodha hiyo huchapisha kurasa na kurasa za hatari, nyingi zikihusu viendeshi vya vifaa ambavyo serva husika haijawahi kuviona. Mkuu wa ofisi anapokea ripoti nyekundu tupu, naye hana namna ya kujua ni mstari gani kati ya mia mbili unaomhusu.

Sheria pia imeingia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde kwa hatua za kiusalama zinazostahili. Hospitali, chuo, chama cha ushirika au mamlaka ya maji haiwezi tena kusema serva ni mambo ya fundi.

Msimamo wa kwanza: isiguswe

Wanaoshikilia msimamo huu wasidhaniwe kuwa wavivu. Januari 2018, baada ya udhaifu wa Meltdown na Spectre kutangazwa, Ubuntu ilitoa kerneli ya kuziba mwanya huo kwa toleo lake la 16.04, na baadhi ya mashine zikagoma kuwaka. Kerneli nyingine ikabidi itolewe haraka. Mwezi uleule Intel yenyewe iliwaomba wateja wasimamishe kuweka rekebisho lake la vichakato vya Haswell na Broadwell kwa sababu mashine zilikuwa zikijizima na kujiwasha zenyewe. Julai 2020, kiraka cha mwanya wa BootHole kiliziacha baadhi ya serva za Red Hat zikiwa haziwaki. Desemba 2023 Debian ililazimika kuahirisha toleo la 12.3 baada ya kugundulika kwamba kerneli iliyokuwa imeandaliwa ingeweza kuharibu data kwenye mfumo wa faili wa ext4. Hayo yote yalitoka kwa watu wenye maabara na wajaribu wengi kuliko ofisi yoyote ya Tanga.

Hoja yao ya pili ina nguvu pia. Udhaifu mwingi wa kerneli humfaa mtu ambaye tayari ana akaunti ndani ya mashine. Dirty Pipe ya Machi 2022 ni mfano: ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kujipa mamlaka ya msimamizi. Kwenye serva mama ambayo fundi mmoja tu ndiye mwenye akaunti, na ambayo ukurasa wake wa usimamizi hauonekani kutoka nje, hatari hiyo ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Zaidi ya hapo, mianya inayomruhusu mtu kutoka ndani ya mashine pepe hadi kwenye serva mama haimo ndani ya kerneli sikuzote. VENOM ya Mei 2015 ilikuwa ndani ya QEMU, programu inayoigiza vifaa kwa mashine pepe, katika sehemu ya kuigiza kiendeshi cha diski za floppy ambazo hakuna aliyekuwa akizitumia. Kubadilisha kerneli kusingeiponya.

Hapa kuna kizuizi kimoja ambacho hoja hii huruka. Anayeendesha kontena, ikiwa ni pamoja na zile za LXC ambazo Proxmox huziweka bega kwa bega na mashine pepe, amewapa wote waliomo kerneli moja. Kwake, udhaifu wa akaunti ya ndani ni mlango wa kila mpangaji.

Udhaifu mkubwa wa msimamo huu ulionekana Februari 2023. Programu ya utekaji iliyoitwa ESXiArgs ilifunga mafaili ya mashine pepe kwenye maelfu ya serva za ESXi duniani. Mwanya uliotajwa na mamlaka za usalama za Ufaransa ulikuwa na kiraka tangu Februari 2021. Miaka miwili. Waathirika walikuwa watu walewale wa isiguswe, pamoja na kosa la pili la kuziacha huduma za serva mama wazi kwenye intaneti.

Hasara nyingine haina kelele, nayo hukua kila mwezi. Serva isiyowashwa upya kwa mwaka mzima hukusanya mabadiliko ambayo hayajawahi kupimwa: mtu aliongeza diski kwenye usanidi akakosea mstari mmoja, mwingine akabadilisha anwani kwa amri ya papo hapo bila kuiandika kwenye faili, betri ndogo ya ubao mama ikafa kimya. Vyote hivyo vinangoja siku ya kuwasha. Siku hiyo ikifika, lawama yote huangukia kerneli.

Msimamo wa pili: ijisasishe yenyewe

Debian na Ubuntu zina huduma ya kuweka viraka vya usalama bila mtu kugusa kibodi. Faida yake ni kubwa kwa ofisi isiyo na fundi wa kudumu: mwanya huzibwa hata kama hakuna aliyesoma habari.

Lakini kwa kerneli huduma hii hufanya nusu ya kazi. Kerneli mpya huwekwa kwenye diski, ndani ya /boot, na ile ya zamani huendelea kufanya kazi kwenye kumbukumbu hadi mashine iwashwe upya. Amri ya uname -r itaonyesha toleo la zamani hata kama jipya lina miezi mitatu pale chini likisubiri. Kwenye kituo cha data chenye njia mbili za umeme na jenereta, pengo hilo ni la kwenye karatasi tu. Kwenye chumba cha serva cha ofisi ya kawaida huko Ngamiani, Muheza au Korogwe, pengo hilo lina mwenyewe, naye ni umeme.

Mkoa wa Tanga una mabwawa yake ya kuzalisha umeme, Hale yenye megawati 21 na New Pangani Falls yenye megawati 68, lakini umeme huo unaingia kwenye gridi ya taifa, na gridi ikianguka Tanga huanguka nayo. Ilitokea hivyo usiku wa kuamkia 1 Aprili 2024, nchi ilipokosa umeme kwa hitilafu ya gridi. Kabla ya hapo, tangu Septemba 2023, kulikuwa na mgao uliopungua tu baada ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuwashwa Februari 2024. UPS husaidia, ila pwani ina joto. Betri za risasi zimepimwa kwa nyuzi 25. Kila nyuzi 10 juu ya hapo maisha yake hupungua kwa takriban nusu. Chumba ambacho kiyoyozi huzimwa saa kumi jioni wafanyakazi wakiondoka kinaiua betri ya UPS usiku, kidogo kidogo, bila taarifa.

Matokeo yake ni haya. Kerneli imejiweka yenyewe Jumanne. Umeme unakatika wiki sita baadaye saa nane usiku, UPS inashikilia dakika chache, serva inazima. Umeme unarudi saa kumi, serva inawaka kwa kerneli ambayo haijawahi kujaribiwa juu ya vifaa vile, na hakuna mtu mbele ya skrini. Asubuhi fundi anaambiwa "umeme umeharibu serva", naye anaanza kutafuta kifaa kilichoungua. Wiki sita zimepita. Nani atakumbuka sasisho la Jumanne ile?

Kuna pia uwezekano mbaya zaidi, umeme kukatika wakati sasisho lenyewe linaandikwa. Faili ya kuanzishia (initramfs) ikiandikwa nusu, mashine huenda isiione diski yake ya mfumo.

Msimamo wa tatu: kiraka bila kuzima

Teknolojia ya kubandika kiraka kwenye kerneli inayofanya kazi si ngeni. Ksplice ilizaliwa chuoni MIT na kununuliwa na Oracle mwaka 2011. Mwaka 2014 Red Hat na SUSE kila mmoja alitoa ya kwake, na msingi wa pamoja ukaingia kwenye Linux 4.0 mwezi Aprili 2015. Canonical inayo kwa Ubuntu.

Kwa benki au kampuni ya simu hoja haihitaji maelezo. Kwa ofisi ya Tanga inahitaji tahadhari. Kwanza, huduma hizi hutolewa kwa kerneli maalum za msambazaji mwenye huduma; Proxmox haitoi ya kwake. Pili, kiraka kama hicho hubadilisha kazi fulani ndani ya kerneli, hakiongezi kiendeshi wala hakibadilishi miundo mikubwa ya data, kwa hiyo kuwasha upya kumeahirishwa tu. Tatu, kiraka kipo kwenye kumbukumbu: umeme ukikatika, kerneli inayorudi ni ile ya kwenye diski, na viraka hubandikwa tena baada ya mashine kuwaka. Na vipya hupakuliwa kwa intaneti. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini kusini mwa Afrika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana; siku kama hizo mtoa viraka wa ng'ambo hafikiki vizuri.

Hasara ya nne ni ya kitabia. Huduma hii hurefusha muda bila kuwasha upya, na tumeshaona kinachokusanyika katika muda huo.

Msimamo wa nne: serva mbili, au serva ya mwingine

Wapo wanaosema mjadala wote ni wa umaskini wa vifaa. Weka serva mbili au tatu kwenye klasta, hamisha mashine pepe zikiwa hai kutoka moja kwenda nyingine, sasisha iliyobaki tupu, iwashe, ijaribu, kisha rudia upande wa pili. Mtumiaji hajui kitu.

Kiufundi hakuna jibu bora. Ila lina masharti. Klasta ya serva mbili inahitaji kura ya tatu ili isigawanyike mmoja wao anapotoweka. Kura hiyo inaweza kutolewa na kompyuta ndogo ya bei nafuu, lakini mara nyingi husahaulika. Serva zikiwa za vizazi tofauti vya kichakato, jambo la kawaida zinaponunuliwa miaka tofauti na moja ikiwa ya mtumba, mashine pepe iliyohamishwa inaweza kuganda. Kerneli 5.15 ya Proxmox ilijulikana kwa tatizo hilo, na tiba ilikuja kwenye mifululizo ya baadaye. Diski nazo zisipokuwa za pamoja, data lazima ihamishwe au inakiliwe kati ya serva, na hilo linaongeza gharama na muda.

Njia ya pili ndani ya msimamo huu ni kuhamisha mashine pepe hadi kwenye kituo cha data cha mwingine. Taasisi za umma zina Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, pamoja na miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyo chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019. Kerneli inakuwa kazi ya watu wengine, na hilo ni afueni ya kweli. Kinachobaki Tanga ni njia ya kufika huko kupitia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Ikikatwa na greda la barabara kati ya Segera na Chalinze, serva iliyo nzima Dar es Salaam haina faida kwa mgonjwa aliye dirishani katika hospitali ya Bombo mjini Tanga. Kwa upande mwingine, kebo za baharini zilipokatika Mei 2024, kilichohifadhiwa ndani ya nchi kilikuwa na nafasi nzuri ya kufikika kuliko kilichohifadhiwa Ulaya. Anayesema "wingu" na aseme lipi.

Serva hukwama wapi

Mijadala mingi huishia kwenye sera na kuiacha sehemu hii, ambayo ndiyo inayomkuta fundi akiwa peke yake. Swali la kwanza mbele ya serva iliyogoma baada ya sasisho ni kama kerneli inahusika kabisa. Kipimo chake ni rahisi: kwenye menyu ya GRUB, programu inayoanzisha mfumo, chagua kerneli ya zamani. Ikiwaka vizuri, mshitakiwa ni kerneli mpya au vitu vilivyofungamana nayo. Nayo ikigoma vilevile, kerneli haina hatia, na saa zitakazotumika kuilaumu zitakuwa zimepotea. Kasoro ni kwamba menyu hiyo wakati mwingine imefichwa, muda wake ukiwa sifuri. Kuipa sekunde kumi ni kazi ya dakika mbili inayofaa kufanywa leo, wakati serva iko hewani.

Makosa yenyewe yana sura kama nne hivi. Sura ya kwanza: mashine inaanza kuwaka kisha inasema haioni diski ya mfumo. Hapo faili ya kuanzishia haikuundwa vizuri, ama kwa sababu /boot ilijaa kerneli za zamani ambazo hakuna aliyezifuta, ama umeme ulikatika katikati, ama moduli ya nje kama ile ya mfumo wa faili wa ZFS au ya kadi ya RAID haikukubaliana na kerneli mpya. Uzuri wa Proxmox ni kwamba ZFS huja imeshajengwa pamoja na kerneli. Aliyeijenga mwenyewe kwenye Debian tupu ndiye anayeumia. Na kwenye mashine yenye Secure Boot, moduli isiyo na saini hukataliwa hata kama imejengwa sawasawa.

Sura ya pili ndiyo inayopoteza muda mwingi kuliko zote. Serva imewaka, mashine pepe zote zinaonyesha zinafanya kazi, ila hakuna anayezifikia. Kerneli mpya inaweza kuisoma kadi ya mtandao kwa undani zaidi na kuipa jina jipya, enp3s0f0 ikawa enp3s0f0np0 kwa mfano, wakati daraja la mtandao lililoandikwa kwenye usanidi bado linalitafuta jina la zamani. Maelezo ya toleo la Proxmox 8.2 yaliwaonya watumiaji kuhusu jambo hili waziwazi. Ofisini hutafsiriwa kuwa mtandao wa TTCL umekatika, simu zinapigwa kwa mtoa huduma, na nusu siku inakwenda. Dawa ni kulifunga jina la kadi kwa namba yake ya MAC kabla ya kusasisha.

Sura ya tatu: serva inawaka, mtandao upo, mashine pepe zinakataa kuanza. Wengi hukimbilia kerneli. Kwenye serva kuukuu chanzo kinaweza kuwa ile betri ndogo ya ubao mama. Ikifa, na umeme ukikatika, BIOS inaweza kusahau mipangilio yake: uwezo wa kubeba mashine pepe unaweza kuzimwa, na saa inarudi miaka mingi nyuma. Saa ikiwa nyuma, vyeti vya usalama vinakataliwa na klasta haielewani. Betri hiyo inauzwa dukani kwa bei ya soda chache.

Sura ya nne ni ya kuchelewa: kila kitu kinawaka, kisha baada ya saa au siku mtandao unaganda au mashine inajizima. Hapa ndipo mifululizo mipya ya kerneli huonyesha tabia zake. Katika 6.8 ya Proxmox, IOMMU ya Intel iliwashwa kwa chaguo-msingi, na baadhi ya vifaa vya zamani vikagoma. Kuizima kwenye mstari wa kuanzishia kerneli kulirudisha utulivu. Kadi za Intel zinazotumia kiendeshi cha e1000e nazo zina sifa ya muda mrefu ya kuganda, na kuzipunguzia kazi zinazofanywa ndani ya kadi husaidia. Ushahidi uko kwenye kumbukumbu za mfumo za safari iliyopita, ambazo amri ya journalctl -b -1 huzionyesha, ila zimehifadhiwa kwenye diski tu ikiwa mfumo uliambiwa uzihifadhi.

Nyuma ya sura hizi zote upo upepo wa bahari. Unyevu wenye chumvi hula miguu ya kadi za kumbukumbu na plagi za diski, na diski iliyozunguka miaka mitano bila kusimama inaweza isizunguke tena ikishapoa. Serva iliyo mita mia chache kutoka ufukweni Raskazone ikigoma kuwaka, fundi atoe kadi za kumbukumbu, azisafishe, azirudishe, kabla hajaandika barua ya kuilaumu kerneli.

Kupima

Tukiiweka misimamo hiyo minne juu ya hali halisi ya pwani, wa kwanza na wa pili wana kosa moja la pamoja. Wa kwanza anadhani asipowasha upya, serva haitawashwa upya. Wa pili anadhani akishaweka kiraka, kiraka kinafanya kazi. Wote wawili wamemwachia umeme achague saa.

Kwa ofisi yenye serva mama moja, na hizo ndizo zinazohitaji ushauri zaidi, njia yenye hasara ndogo ni kutenganisha kuweka kerneli na kuiwasha. Kerneli inayojulikana kuwa nzima ifungwe iwe ndiyo ya kuwakia. Proxmox ina amri ya proxmox-boot-tool kernel pin kwa kazi hiyo hasa. Hapo umeme ukikatika usiku wowote, kinachorudi ni kile kilicholala. Kerneli mpya ijaribiwe siku iliyochaguliwa, kwa chaguo la mara moja tu: amri hiyohiyo ina nyongeza ya --next-boot, na kwenye Debian au Ubuntu tupu ipo grub-reboot. Ikigoma, kwa grub-reboot kuzima na kuwasha hurudisha ile ya zamani; kwa Proxmox, fundi aliye mbele ya skrini awe tayari kuichagua ile ya zamani kwenye menyu. Pale grub-reboot inapotumika, ukiongeza maagizo kwamba kerneli ikianguka ijiwashe yenyewe baada ya sekunde kumi, huenda hata mlinzi asiyejua kompyuta asihitajike. Tahadhari moja ya kiufundi: pale /boot inapokaa juu ya LVM au ZFS, GRUB haiwezi kuandika kwamba chaguo la mara moja limekwisha kutumika, kwa hiyo ijaribiwe kabla haijategemewa.

Saa nayo ichaguliwe kwa akili. Desturi ya kufanya matengenezo saa sita usiku imetoka kwenye vituo vyenye zamu ya usiku. Ofisi ya Tanga haina zamu hiyo. Jumamosi saa tatu asubuhi, fundi akiwa mbele ya skrini, mwenye ufunguo wa chumba akiwepo, duka la vifaa likiwa wazi na nakala rudufu ikiwa imejaribiwa kurejeshwa, ni salama zaidi. Hospitali haifungi Jumamosi, kwa hiyo hapo serva ya pili inaacha kuwa anasa. Mwenye bajeti ya hospitali akisikia kwamba kila sasisho linahitaji madaftari ya kuandikia wagonjwa kwa saa mbili, ana kipimo cha kulinganisha na bei ya serva.

Mara ngapi, basi? Kila miezi miwili au mitatu inatosha kwa serva mama isiyo na kontena za watu wengine na isiyoonekana kutoka nje, pamoja na kufuatilia matangazo ya TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, kwa dharura za kweli. Yenye kontena iende kwa wiki. Kubadili mfululizo mzima, tuseme kutoka 6.5 hadi 6.8, kungoje wiki kadhaa wengine wakutane na kasoro kwanza. Si ushujaa kuwa wa mwanzo.

Fedha kidogo zilizopo zina mpangilio wake pia. Kadi ya usimamizi wa mbali, iLO au iDRAC, pamoja na leseni inayoruhusu kuona skrini nzima, humwezesha fundi aliye Lushoto kuchagua kerneli kwenye menyu ya serva iliyo mjini. Serva za mtumba mara nyingi huja na kadi hiyo bila leseni. Kati ya leseni hiyo, betri mpya za UPS na huduma ya kiraka bila kuzima, ofisi yenye serva moja inunue betri kwanza, leseni baadaye, na ya tatu iiache kabisa.

Linabaki jambo ambalo halingoji Jumamosi. Ukurasa wa usimamizi wa Proxmox hupokea kwenye mlango namba 8006, na ule wa ESXi kwenye 443. Kama unafunguka kutoka kwenye simu iliyo nje ya mtandao wa ofisi, ufungwe leo kwenye ruta, na fundi aingie kwa VPN. Kazi hiyo haihitaji kerneli mpya, haizimi mashine pepe hata moja, na wengi wa waliotekwa Februari 2023 wangeokolewa kwa hatua ya aina hiyo, yaani kuufunga kutoka nje mlango wa huduma yenye mwanya, bila kusasisha chochote.